Maji Yanayotoka Longisa Yanafika Mbali



Kila asubuhi, kabla watoto hawajatoka kwenda skuli, nyumba zetu za Pwani hubandika birika la chai. Majani hayo aghalabu yametoka Kericho au Bomet, yakateremshwa kwa malori hadi Mombasa, mahali unapofanyika mnada wa chai wa kanda hii nzima. Twaijua chai ya huko kuliko tunavyoijua nchi iliyoiotesha. Kwa hivyo juma hili tumeona ukurasa huu wa familia uipande milima hiyo, si kwa ajili ya chai, bali kwa ajili ya jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitaja mezani: maji machafu, na yanakokwenda baada ya kututoka mikononi.

Longisa ni mji mdogo wa kaunti ya Bomet, kando ya barabara itokayo Narok, ukishapita Mulot na kabla hujafika mjini Bomet. Wasiokuwa wenyeji huujua zaidi kwa hospitali yake, kwani hapo ndipo ilipo hospitali ya rufaa ya kaunti, ambamo wazazi hujifungua, watoto hulazwa na majeruhi wa barabara kuu hupokewa. Nchi ile ina mito miwili mikubwa. Nyangores hupita Tenwek na mjini Bomet. Amala hupita upande wa Mulot. Yote miwili huanzia msitu wa Mau, nayo hukutana kusini na kuwa mto mmoja ambao dunia nzima imeusikia, yaani Mara.

Mto Mara una urefu wa karibu kilomita 400. Hupita Maasai Mara, ukaingia Serengeti, ukavuka nchi ya Tanzania na kumwagika katika Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Na ziwa hilo nalo halikai na maji yake, kwani pale Jinja, Uganda, ndipo mto Nili unapoanza safari ya kwenda Sudan na Misri. Tafakarini basi, ndugu zetu. Ndoo inayomwagwa mtaroni Longisa iko juu ya kila mtu katika njia hiyo: mfugaji wa Kimaasai, mvuvi wa Musoma, na mkulima wa Kiislamu wa bonde la Nili anayetawadha ukingoni mwa mto. Jirani wa Longisa si yule wa ukuta wa pili tu.

Sisi wa Pwani tumezoea kuona maji machafu yakiishia baharini, na ukubwa wa bahari umetupumbaza. Mto haumpumbazi mtu. Mto ni mwembamba, na anayeuchafua juu na anayeunywa chini wanaweza kuwa wa ukoo mmoja.

Katika miji mingi ya bara, kama ilivyo katika mitaa yetu mingi, choo ni shimo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, ni takriban nyumba 1 tu katika kila 10 nchini Kenya iliyounganishwa na bomba kuu la majitaka. Shimo lililochimbwa vyema, mbali na kisima na mbali na mto, si jambo la kulaumiwa. Limewastiri wazee wetu miaka na miaka. Taabu huanza mji unapokua. Nyumba za kupangisha hujengwa ukuta kwa ukuta, shimo moja hutumiwa na milango 10, na nchi yenyewe ni ya mteremko na ya mvua nyingi. Mvua kubwa ikinyesha, shimo lililojaa hufurika, na maji yake hayaulizi njia, hufuata bonde hadi mtoni. Wengine, Mwenyezi Mungu atuongoze, huingojea mvua hiyo makusudi ili wafungulie shimo usiku.

Tena kuna jambo ambalo wanasiasa wetu hawalisemi siku ya kukata utepe. Mradi wa maji ya bomba unapofika mjini, maji yanayoingia majumbani lazima yatoke. Wahandisi hukadiria kwamba katika kila lita 10 zinazoingia nyumbani kwa bomba, kama lita 8 hutoka zikiwa majitaka. Mama aliyekuwa akiteka ndoo 3 mtoni alikuwa na majitaka ya ndoo 3. Akipata mfereji jikoni na choo cha kuvuta maji, majitaka yake huongezeka mara nyingi. Kuleta maji bila ya kufikiri yatatokaje ni kumaliza nusu ya kazi, na tungependa viongozi wa kaunti, ambao Katiba ya mwaka 2010 imewakabidhi huduma za maji na usafi, waulizwe nusu ya pili kila wanapojisifu kwa nusu ya kwanza.

Je, maji hayo hudhuru vipi? Wengi wetu tukisikia uchafu wa mto hufikiria maradhi, na ni kweli. Mwaka 2015 kipindupindu kiliienea nchi yetu, na zaidi ya kaunti 20 kati ya 47 zilipata wagonjwa. Bomet ilikuwamo, na Mombasa vilevile. Kaunti ya milima ya chai na kaunti ya bandari zilipigwa na ugonjwa mmoja katika mwaka mmoja, kwa sababu moja: kinyesi kilipata njia ya kufikia maji ya kunywa na chakula. Wanaotangulia kuathirika ni watoto wadogo, na anayekesha nao ni mama.

Lakini mto wenyewe nao hufa, na kifo chake ni cha kukosa pumzi. Samaki na wadudu wa majini huvuta hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Kinyesi, mabaki ya chakula na damu ya machinjioni vikiingia mtoni, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho huvishambulia na kuvila, na katika kula huko huitumia hewa ile ile. Uchafu ukiwa kidogo, mto hujirudi wenyewe kwa kuruka juu ya mawe na kuchanganyika na upepo. Uchafu ukizidi, vijidudu huimaliza hewa yote, na samaki huelea juu matumbo wazi.

Mto Mara una mfano wa ajabu wa jambo hili, na tumeona tuueleze kwa sababu watoto wataupenda. Katika sehemu ya mto iliyo mbugani mna viboko zaidi ya 4,000. Usiku hula majani nchi kavu, mchana hujitumbukiza katika vidimbwi vya mto na kujisaidia humo. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walikadiria kwamba viboko hao hutia mtoni kama kilo 8,500 za mavi kila siku. Wakati wa kiangazi uchafu huo hutulia chini ya vidimbwi, na maji ya chini huishiwa hewa. Mvua ikija ghafla, maji hayo mazito husukumwa kuteremka, na samaki hufa kwa wingi. Huo ni mpango wa maumbile, na tai na mamba hupata riziki humo. Lakini unatuonyesha kwamba mto una kipimo chake. Ukiwa tayari unabeba mzigo wa viboko, tukautwike na mzigo wa miji ya juu, ng'ombe na mashamba, tutakuwa tunautwika mnyama aliyekwisha kupiga magoti.

Mnamo Machi 2022, upande wa Tanzania, maji ya mto Mara yaligeuka meusi karibu na daraja la Kirumi, yakanuka, na samaki wakafa. Watu waliambiwa wasiyatumie. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema kwamba hewa ya oksijeni ilipungua kwa sababu ya mavi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza katika bwawa la mto. Wako walioipinga kauli hiyo kwa ukali, wakinyoosha kidole upande wa machimbo ya dhahabu, na mjadala ukafika hadi bungeni. Hatuingii katika ugomvi huo. Tunachokiona sisi ni kwamba, wiki zile, mwanamke wa kijiji cha ukingoni aliamka akakuta hana maji ya kupikia wala ya kufulia, na hakuwa na wa kumdai.

Sasa tuje kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, ambao kazi yake ni kufanya kwa makusudi, mahali pamoja na kwa haraka, yale ambayo mto ungeyafanya kwa taabu katika safari ndefu. Miji mikubwa hutumia mashine za kupuliza hewa na kula umeme mwingi. Kule Bugolobi, mjini Kampala, mtambo uliojengwa kulinda ghuba ya Murchison katika ziwa hilo hilo la Viktoria hukusanya gesi inayotoka katika tope na kuifanya umeme. Ni kazi ya kupendeza. Lakini kwa mji wa kadiri ya Longisa tunaona njia bora ni ile ya mabwawa, inayotumika Dandora nje ya Nairobi, Nyalenda mjini Kisumu, na katika miji mingi ya Tanzania. Haina mashine nyingi za kuharibika, wala haisimami umeme ukikatika.

Maji hufika kwa mabomba yaliyolazwa kwa mteremko, na milima ya Bomet ina mteremko wa kutosha. Kwanza hupita katika vyuma vilivyopangwa kama meno ya kitana, vinavyonasa matambara, chupa, mifuko na vitu vingine ambavyo havikupaswa kutiwa chooni. Kisha hupita taratibu katika mfereji unaozamisha mchanga. Baada ya hapo huingia bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, ambalo maji yake ni meusi na hayana hewa. Humo vitu vizito huzama, na vijidudu visivyohitaji oksijeni huvichachusha na kuvipunguza. Bwawa hilo ndilo linalonuka likikosewa, na ndilo linalofanya majirani wakatae mtambo usijengwe kwao. Hatuwalaumu. Nani anayetaka harufu ile jikoni kwake? Ndiyo maana mahali pa kujenga pachaguliwe mbali na nyumba, upande ambao upepo hauelekei mjini, na wenyeji wakae kitako na wahandisi mapema, wanawake wakiwemo.

Bwawa la pili si la kina sana, hata jua hulipenya. Hapa pana hekima ambayo kila tuliposoma juu yake tulisema Subhanallah. Juu ya maji huota mwani mdogo mno wa kijani. Mwani huo hupata mwanga wa jua, ukatoa oksijeni. Vijidudu huivuta oksijeni hiyo, vikala uchafu, vikatoa hewa ukaa na virutubisho. Na mwani nao ukavitumia hivyo kukua. Kila mmoja humlisha mwenziwe, wala hakuna anayelipwa mshahara. Kutoka hapo maji huingia mabwawa ya mwisho, yenye kina cha kama mita 1 tu. Kazi ya mabwawa hayo ni kuua vijidudu vya maradhi, na silaha zake ni jua, muda na hewa. Mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo ni mazito, huwa yamekwisha kuzama njiani. Safari yote hiyo huchukua siku nyingi, pengine wiki kadhaa.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizosimamiwa na NEMA, ziliweka mpaka wa maji yaliyoruhusiwa kuingia mtoni. Uchafu unaokula oksijeni usizidi miligramu 30 kwa lita, vitu vinavyoelea ndani ya maji visizidi miligramu 30, na vile vijidudu vinavyoonyesha kuwapo kwa kinyesi visionekane kabisa katika mililita 100. Sheria ni kali, na kusema kweli ni rahisi kuiandika kuliko kuitimiza. Mabwawa yasipozolewa tope kwa miaka, hujaa. Maji hupita mbio juu ya tope, yakatoka kama yalivyoingia. Mtambo wa namna hiyo huwa jina tu. Tumeona mara nyingi nchini mwetu fedha za kujenga zikipatikana na fedha za kutunza zisipatikane, pengine kwa kuwa hakuna anayepiga picha akizoa tope.

Hospitali ina hesabu yake. Majitaka ya wodi na ya maabara hubeba vijidudu vikali zaidi, mabaki ya dawa, na dawa za kuulia vijidudu ambazo zikifika nyingi bwawani huwaua hata wale wafanyakazi wadogo tuliowasifu. Kwa hivyo hospitali kubwa hutakiwa kuyashughulikia kwanza maji yake yenyewe kabla ya kuyaachia bomba la mji. Mji wenye hospitali ya rufaa una haja ya mtambo kuliko mji wa kadiri hiyo usio nayo.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo, na hadithi hii ni mashuhuri kwa Bukhari na Muslim. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, alitahadharisha na mambo matatu yanayoleta laana, la kwanza likiwa ni kujisaidia mahali watu wanapoteka maji; mengine ni njiani na kivulini. Angalieni kwamba yote matatu ni haki za watu wengine, na aliyedhulumiwa huenda asimjue kamwe aliyemdhulumu. Anayefungulia shimo lake mtoni usiku hafichiki kwa Mola wake.

Baadhi ya wasomaji watauliza: maji yaliyokwisha kusafishwa mtamboni yana hukumu gani? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, maji yaliyofika kulateini, ambayo wengi huyakadiria kuwa zaidi kidogo ya lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu kwa najisi. Na yakishabadilika, badiliko hilo likiondoka lenyewe au kwa kuongezewa maji, hurudi kuwa tohara; ama likifichwa kwa kutiwa kitu chenye harufu nzuri, hapana. Mwaka 1398 Hijria, sawa na 1978, Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lililitazama suala la majitaka yanayosafishwa kwa njia za kisasa. Likaamua kwamba yakisafishwa barabara hata isibaki athari yoyote ya najisi katika rangi, ladha na harufu, huwa tohara na yafaa kuondolea hadathi na najisi. Ama kuyanywa, likatanguliza hadhari ya afya. Tangu hapo nchi kadhaa za Kiislamu zimeyatumia maji hayo kumwagilia mashamba na bustani. Maji yatokayo bwawa la mwisho la mji mdogo hayajafika daraja hilo, na mwenye swali lake mahususi amwendee sheikh wake. Lakini ni faida kujua kwamba wanazuoni hawakuikimbia mada hii kwa kinyaa.

Akina mama, sehemu kubwa ya mtambo iko mikononi mwenu, na tunalisema hili tukijua kwamba akina baba nao wana mikono. Mafuta ya kukaangia yakimwagwa katika sinki huganda ndani ya bomba kama mshumaa. Yaacheni yapoe, yatieni katika mkebe, yatupwe na taka kavu. Pedi na nepi za watoto zisitiwe chooni kabisa. Hazioza upesi, hufumba bomba, na bomba likifumba majitaka hutafuta tundu la kutokea, mara nyingi mlangoni kwa jirani maskini wa bondeni. Msichana anayebaleghe aelezwe hilo na mamake au shangaziye kwa upole, wala si kwa kumwaibisha, na chooni pawekwe kindoo chenye mfuniko. Dawa kali za kuoshea choo zitumiwe kidogo. Na maji ya udhu yasimiminwe ovyo. Imepokewa kwamba Mtume alimkataza Saad israfu ya maji ya udhu hata kama yuko kwenye mto unaopita.

Kwetu Pwani, Mombasa ina mitambo miwili ya mji, mmoja Kizingo kisiwani na mwingine Kipevu upande wa bara ya magharibi, lakini mitaa mingi haijafikiwa na mabomba yake. Wengi wetu tunaishi juu ya mashimo na makaro, tukiwa na kisima uani. Mawe ya matumbawe chini yetu yana matundu mengi, na kinachoingia shimoni hakikai shimoni. Kwa hivyo msicheleweshe kulinyonyesha karo hadi lifurike. Na gari la kunyonya likija, kabla ya kumlipa mwenye gari, muulizeni mambo mawili: ana leseni ya NEMA ya kubeba taka hizo, na leo anakwenda kuzimwaga wapi. Akisita katika la pili, mwiteni mwingine.